Mke Wangu Anataka Nimpime Upya

Mama Mshauri mpendwa, nisaidie kabla sijaaibika, na kabla hujaanza kunionea huruma nikwambie mapema kwamba mimi ni mtu mzima, wajukuu ninao, meno mengi bado ninayo, na shuleni nilifika darasa la nne nikaona panatosha, kwa hiyo ukikuta mahali nimekosea kuandika ujue ni haraka ya mkono, si upungufu wa akili. Gazeti lako huwa linafika kwangu likiwa limeshasomwa na wenzangu wote, maana mimi ni fundi cherehani na magazeti ya zamani ndiyo karatasi yangu ya kukatia mifano, na sijui niseme vipi bila kukuudhi, lakini ukurasa wako ndio mzuri kuliko kurasa zote kwa kukatia kola, hauna picha nyingi.

Hapa mtaani wananiita Fundi Jicho. Jina hilo sikujipa, nilipewa, na nilipewa kwa sababu sijawahi kuvaa tepu ya kupimia shingoni kama mafundi wengine wanaotembea nayo utadhani madaktari. Mteja akiingia kwangu mara ya kwanza namwambia simama hapo mlangoni penye mwanga, geuka, inua mikono kama mtu anayeanika nguo, haya shusha, nenda nyumbani. Basi. Ameshaingia kichwani, kifua chake, kiuno chake, bega lililoshuka kwa kubeba mizigo, mguu mmoja uliozidi mwenzake, kila kitu, na akirudi baada ya miaka simwambii asimame tena, namuuliza tu kitambaa kiko wapi. Ukipimwa kwangu umepimwa. Mtu mzima habadiliki, anayebadilika ni mtoto, na mtoto nguo yake inashonwa kubwa ili aifuate mwenyewe huko mbele, kwa hiyo hata yeye hanisumbui.

Kwa sheria hiyo nimelisha nyumba na nimesomesha watoto wakanipita, na binti yangu mkubwa nimemfundisha kazi mwenyewe, ingawa yeye alipoanza kujitegemea kitu cha kwanza alichonunua ni tepu, nikamwambia mwanangu unaniaibisha, akasema baba mimi sina jicho kama lako, nikaridhika. Sasa ana chumba chake na cherehani yake nyuma ya duka la dawa, anashona viraka na kupunguza mapindo, na mimi nikawa najiuliza mapindo gani hayo yanayomweka mtu kazini mchana kutwa, lakini sikuuliza kwa sauti. Huyo binti ndiye mwanzo wa balaa, au mama yake ndiye mwanzo, au mimi, utaamua wewe, ndiyo kazi unayolipwa.

Juzi uzi mweusi ulinikatikia katikati ya koti la mtu, nikasema niende kwa binti nikaombe. Nikakuta mlango wazi na mwenyewe hayupo, ametoka kufuata chai, nikaona si vibaya nikijihudumia, ni mwanangu, hata vidole anavyoshonea nilimpa mimi. Nikapekua huku na huku kutafuta uzi, macho yakaenda kwenye kamba aliyotundikia nguo za wateja. Mama Mshauri, fundi anaujua mshono wake kama mama anavyokijua kilio cha mwanawe katikati ya watoto wa jirani. Suruali ya kwanza, mshono wangu, imefumuliwa nyuma na kuongezwa kipande. Shati la pili, langu, mikono imekatwa na kupindwa. Gauni la tatu, langu, limepasuliwa ubavuni mpaka kwapani. Kamba nzima ilikuwa ni kazi yangu, imefunguliwa na kushonwa tena, nguo zimetundikwa pale kama wagonjwa waliotoka chumba cha upasuaji.

Nikiwa bado nimeduwaa, pazia la kujaribia nguo likasogea akatoka mwenye bucha. Huyu ni mteja wangu tangu ujana wake, alipokuja mara ya kwanza alikuwa mwembamba kama mshale wa saa, na hivyo ndivyo nilivyomweka kichwani. Suruali alikuwa ameishika mkononi, na mwilini amebaki na soksi na shati, ambalo namshukuru Mungu nilimshonea refu. Akaniamkia kwa adabu kabisa, kama tumekutana harusini. Nikamuuliza anafanya nini humu, akasema anapita tu. Nikamuuliza mtu anayepita bila suruali anaelekea wapi, akasema anaelekea kuivaa.

Hapo binti akaingia na chai yake, akatutazama mmoja mmoja, wala hakushtuka, akasema, "Baba, mwache mwenzako avae kwanza, halafu mgombane mkiwa sawa."

Mwenye bucha akarudi nyuma ya pazia, na huko nyuma ya pazia akapata ujasiri aliokuwa hana alipokuwa mbele yangu. "Fundi," akasema, "suruali zako ni nzuri, sijaona mfano wake. Shida ni kwamba zinamtafuta yule kijana niliyekuwa zamani, na mimi nimeshamla."

Nikakaa kwenye kiti cha wateja. Binti akaanza kunieleza taratibu, kama mtu anayemwambia mgonjwa kile ambacho ndugu wote wanakijua. Kumbe miaka yote hii watu wanachukua nguo kwangu, wananisifu, wanashukuru, halafu wanazunguka kwa nyuma ya duka la dawa kwenda kufumuliwa. Mwenye bucha amenenepa. Yule mwalimu mstaafu amesinyaa mpaka mikono ya shati ikawa inapiga makofi yenyewe bila yeye kufurahishwa na kitu. Mama muuza mkaa amejifungua mara tatu na mimi nimeendelea kumshonea usichana wake. Na wote wamekubaliana pasiwe na wa kuniambia, kwa sababu, binti anasema, wananipenda. Mtaa mzima, Mama Mshauri, umekuwa ukinificha kiuno chake.

Nikamuuliza ni nani aliyeanza mchezo huu, nimjue, nimfumue yeye. Binti akaweka kikombe chini, akaanza kukunja kitambaa ambacho kilikuwa kimeshakunjwa.

"Mama," akasema.

Walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo ndiyo kazi yangu, wala sikuona.

Nikaenda nyumbani kwa hatua za mtu anayekwenda kushinda kesi. Nilimkuta mke wangu uani anaanua nguo, nikamwambia nimeyasikia, nikamwambia aibu hii sikuitarajia kutoka kwake, mke wa fundi kupeleka gauni alilolishona mumewe likafumuliwe kwa mtu mwingine ni sawa na mke wa mwokaji kuonekana kwenye foleni ya mikate. Nilisema mengi, mengine mazuri sana, siyakumbuki yote. Yeye akaendelea kuanua. Nilipomaliza akaniambia nifunge macho. Nikamuuliza ya nini, akasema funga tu, sikupigi, nikafunga.

"Haya," akasema, "niambie mkeo yukoje."

Nikacheka, hilo si swali la kuuliza fundi. Nikaanza kutaja. Nikasema mke wangu ana mwanya mbele, akicheka unaona mpaka moyoni. Nywele zake nyeusi, anasuka zinashuka mpaka mabegani. Mikono yake imejaa, ananyanyua ndoo ya maji bila kuinamia. Kiuno nikakitaja pia, ila hapo nilishusha sauti kwa sababu ya jirani. Akaniacha nimalize kila kitu mpaka visigino, ndipo akaniambia nifumbue.

Nikafumbua, naye akatabasamu kwa makusudi. Jino la pembeni ya mwanya halipo. Si mwanya tena, ni lango. Nikamuuliza limetoka lini, akasema liling'olewa mwaka ule wa mafuriko, na nilimsindikiza mwenyewe hospitali, ila nilibaki getini nikibishana na mlinzi. Mimi kumwona anatafuna upande mmoja nilidhani ni madaha. Akavua kitambaa cha kichwani, nywele amezikata, zimebaki fupi, nyeupe kama pamba iliyochambuliwa. Na ile mikono, Mama Mshauri, ile mikono ya ndoo sijui ilikwenda wapi.

Nikajitetea kwamba mambo ni mengi, mtu hawezi kufuatilia kila kitu. Akasema anajua, ndiyo maana hata wageni wa mtaa huu nawaelekeza njia kwa majengo yaliyobomolewa, pita sinema, pinda kwenye posta, wakati sinema sasa ni uwanja wa kuegesha magari na posta ilihama, mpaka kuna mtu nilimwelekeza harusini akaishia mazishini, akala, akashukuru, akaondoka.

"Majengo yamebomolewa, sawa," akasema. "Mimi bado nimesimama hapa."

Halafu ndipo akatoa hukumu. Mwezi ujao kitinda mimba wetu anaoa. Harusi zote za watoto wetu mama yao amevaa mshono wangu, hilo linajulikana, watu wanakuja kuangalia gauni kabla ya bibi harusi. Safari hii anasema mshono wangu hauvai mpaka nimpime upya, kwa tepu, asimame mlangoni penye mwanga kama mteja aliyeingia leo kwa mara ya kwanza, na mimi nisiseme hata mara moja "hapo najua." Nikikataa, ataingia duka la nguo za kutundikwa anunue gauni lililoshonwa na mashine ya watu asiowajua, na atakaa nalo mstari wa mbele kabisa, mke wa Fundi Jicho, lebo ikimning'inia shingoni. Na ninavyomjua mke wangu, hiyo lebo ataiacha kwa makusudi.

Nilijaribu kupatana naye, nikamwambia basi nitamtazama tena, ila kwa jicho, si kwa tepu. Akaniambia jicho langu limeshiba, halili tena, akaingia ndani na nguo zake.

Sasa shida zangu ni mbili. Ya kwanza unaielewa, ni ya jina. Fundi Jicho akionekana na tepu shingoni ni kama mganga aonekane amepanga foleni zahanati. Pale kwenye benchi nje ya chumba changu wanakaa watu wenye ndimi, na mwenye bucha ataanza kunilipizia siku ile ile, maana tangu nimwone na soksi zake hatujasawazisha.

Ya pili sijamwambia mtu, na nakwambia wewe kwa sababu hatujuani na sura yako siioni. Jana mchana mke wangu alisinzia kwenye kiti. Nilikuwa nimeazima tepu kwa binti, nikamdanganya ni ya kupima mlango. Nikanyata, nikaweka ncha ya tepu kwenye bega lake, nikaivuta kwenda bega la pili, na kabla sijafika mahali ambapo mkono wangu umezoea kufika, bega likaisha. Nikabaki nimeshika tepu hewani. Niliirudisha mfukoni nikatoka nje nikamfokea jogoo wa jirani ambaye hakuwa amefanya kitu. Kwa sababu nilijiuliza, kama bega hili ni dogo hivi, yale magauni yote nilikuwa namshonea nani? Na yule mwenye kunyanyua ndoo aliondoka saa ngapi, mimi nikiwa nimeinama natunga sindano? Na kama yeye amekwenda huko, mimi niko wapi, na nani atanipima? Basi, usiniandikie mambo ya machozi, uzi wangu ni wa kushonea tu.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mimi nimeshakauka, ukinikunja nasikia kabisa nitavunjika. Kwa hiyo niambie: nimpime mbele za watu kama anavyotaka, au nichukue vipimo vyake kwa binti kimyakimya, nishone gauni limkae vizuri, halafu niseme ni jicho limeona? Hiyo ya pili ndiyo ninayoipenda, nakutajia ili nikurahisishie kazi.

Wako mwenye mkasi na mashaka,
Fundi Jicho

MSHAURI ANAJIBU:

Fundi Jicho, shikamoo. Hiyo ni heshima yako, ipokee vizuri uiweke mfukoni, kwa maana huku chini sina nyingine. Na ukishausoma ukurasa huu ukate kola, wala sitaudhika. Nimewahi kufungiwa maandazi, kola ni kupanda cheo.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilicheka, ya pili nikamhurumia mtu, na mtu huyo si wewe.

Tuanze na hiyo njia yako unayoipenda. Itupe. Unadhani mkeo anadai gauni linalomkaa? Analo. Binti yake amekuwa akimrekebishia miaka yote hii, hajawahi kutoka nje na nguo inayompwaya. Gauni si tatizo. Anadai umtazame. Sasa wewe unataka kwenda kuuliza kwa mtu mwingine mkeo yukoje, halafu urudi umwambie nimekuona. Angekuwa mteja ungemfanyia hivyo? Kwa barua hii naona ungemfanyia, lakini huyu ni mkeo.

Jicho unalojisifia nakubali ulikuwa nalo. Mtu anayesimamisha mgeni mlangoni na kugundua bega limeshushwa na mizigo, bila kuambiwa, huyo ana jicho la kweli, na tepu peke yake isingemwonyesha hayo. Ila jicho lile lilikuwa linatazama. Siku hizi hulitumii. Unatumia kumbukumbu, ukaipa jina la jicho, na kumbukumbu ni chumba kisicho na mlango wa mbele: vilivyomo vimo, kipya hakina pa kupitia. Hukuzeeka macho, mzee wangu. Ulistaafu kutazama bila kumuaga mtu, hata mwenyewe hukujiaga.

Na hili la kwamba mtu mzima habadiliki, ulilipata wapi? Umeishi mtaa mmoja mpaka sinema ikawa maegesho ya magari, mwenye bucha akajiongeza mara mbili, mwalimu akapungua nusu, mkeo akang'olewa jino wewe ukiwa getini, na bado hujashuku kitu. Wanasema utu uzima dawa. Ni kweli kabisa, lakini dawa nayo ina tarehe yake ya kwisha muda, na kwa bahati nzuri duka la dawa liko mbele ya chumba cha binti yako, ingia uwaulize.

Habari ya samaki mkavu imenionyesha kwamba jikoni huingii. Hakuna anayemkunja samaki mkavu akiwa mkavu. Analowekwa kwanza, anaachwa, analainika mwenyewe bila kuvunjika. Na wewe umeshalowa zaidi ya unavyokiri, vinginevyo yule jogoo asingefokewa.

Unaogopa mtaa utacheka. Mzee, mtaa umeshacheka. Umecheka mpaka umechoka, halafu ukaamua kukustahi, ndiyo maana mwanaume mzima mwenye biashara yake anakubali kuvua suruali kwa mafundi wawili ili asikuumize roho. Watu wa namna hiyo wakikuona na tepu hawatakuzomea. Watashusha pumzi, tena na vifungo. Na wakikutania kidogo, nawe umetania watu vya kutosha, vumilia zamu yako.

Sasa nisikilize vizuri, hapa sitanii. Nunua tepu yako mwenyewe, usiazime, na mwenye duka akikuuliza usiseme ni ya kupima mlango. Ukifika nayo nyumbani usianze na mkeo. Mpe yeye akupime wewe. Umeniuliza nani atakupima, nami nikashangaa, mtu umelala naye chumba kimoja maisha yako yote hujapata jibu. Simama penye mwanga, inua mikono kama unayeanika nguo, geuka ukiambiwa geuka. Atakwambia tumbo limefika wapi na mgongo umeinama kiasi gani. Utanyamaza. Utagundua kwamba ukipimwa hufi, na utagundua vilevile inavyouma mtu akiguna, kwa hiyo zamu yako ikifika hutaguna.

Ukimpima yeye, mpime mchana, mlango wazi, kwenye chumba chako cha kazi, benchi likiwa limejaa. Kabla hujagusa kitambaa, muulize anataka gauni la namna gani, rangi gani, mikono mirefu au mifupi, maana nakula kiapo hujawahi kumuuliza. Penye kupungua usiseme pamepungua. Penye kuongezeka, ndiyo kabisa usiseme. Andika namba, nenda kwenye namba inayofuata. Neno "zamani" lisitoke mdomoni mwako mpaka pindo limekwisha. Ukikutana na kitu usichokijua, kovu, uvimbe, bega linaloshtuka likiguswa, uliza limeanza lini na kama linauma. Na akikujibu, usimbishie kwamba unajua zaidi. Huo mwili ni wake, amekaa nao muda mrefu kuliko wewe.

Binti yako mshukuru. Amekuwa akifumua kazi yako kwa mkono mmoja na kulinda jina lako kwa mkono mwingine, na hajawahi kukuringia. Mwambie alete cherehani yake kwako, au wewe upeleke yako kwake, mshone pamoja, ili watu waache kunyata nyuma ya duka la dawa kama wezi wa kuku. Na kila mteja apimwe kila anapoingia, hata wa wiki iliyopita, hasa kama katikati alipitia harusini. Mwenye bucha awe wa kwanza, na umwache na soksi zake kwa amani. Jina la Fundi Jicho usilibadilishe. Lirudishie tu kazi yake.

Limebaki lile ulilojifichia nyuma ya jogoo, yule mwanamke wa ndoo alikwenda wapi. Hakwenda popote. Ndiye huyu aliyekwambia funga macho. Mwanamke aliyekata tamaa na mume hamwambii nipime. Anakwenda dukani kimya, ananunua, anakata lebo vizuri, anavaa, na mume anajua siku ya harusi pamoja na wageni. Huyu wako ametangaza, ametishia, na amekupa mwezi mzima wa kujirekebisha. Kama hiyo si dalili kwamba bado anakutaka, basi mimi sijui kazi yangu, kateni kola.

Kwa hiyo mpime, tena wiki hii, usingoje ya mwisho. Na ukifika kiunoni, mkono ukasahau kwamba umekuja kikazi, uache usahau. Wateja wengine watasubiri nje.